Vita vya Siku Sita Visigeuke Vita vya Miezi Sita

Mhadhara kwa wanafunzi wa takwimu, wauguzi na watunza kumbukumbu, Kisangani



Waliokuwa mjini hapa mwezi Juni 2000 hawahitaji kusimuliwa. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, mji usio wa Rwanda wala wa Uganda, na mabomu yakaangukia nyumba za watu, shule, zahanati na kanisa kuu la Notre-Dame. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inataja raia waliouawa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa zaidi ya elfu moja. Hapa kwetu watu huitaja idadi kubwa kuliko hiyo. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304. Miaka mingi baadaye, tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na upo mfuko wa kuwalipa waathirika, makao yake yakiwa katika mji huu huu.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni siku zile sita kama tulivyofundishwa shuleni, siku kwanza, mwezi katikati, mwaka mwisho: 05/06/2000, 06/06/2000, 07/06/2000, 08/06/2000, 09/06/2000, 10/06/2000. Ziingizeni katika kompyuta iliyonunuliwa ikiwa na mipangilio ya Kimarekani, ambayo hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Mmarekani huanza na mwezi. Mashine itasoma: 6 Mei, 6 Juni, 6 Julai, 6 Agosti, 6 Septemba, 6 Oktoba. Hakuna onyo. Hakuna seli nyekundu. Tarehe zote sita zimo katika kalenda, ila vita vya siku sita vimekuwa vita vya miezi sita, vinavyopiganwa siku moja tu kila mwezi. Ni 6 Juni peke yake iliyobaki mahali pake, kwa sababu namba zake mbili zinafanana.

Tena angalieni ile 6 Mei. Majeshi hayo hayo yalikwishapigana mjini hapa tarehe 5 Mei mwaka huo huo. Kwa hiyo mtu anayeijua historia, akiona faili la mjeruhiwa wa 6 Mei 2000, hashtuki. Anaona siku moja tu baada ya mapigano anayoyakumbuka. Sisemi kwamba jambo hili limetokea katika faili lolote la fidia, wala sina sababu ya kulisema. Nasema kwamba tarehe ndiyo kamba inayomfunga mtu na tukio, na mashine inaweza kuifungua bila kelele.

Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote ni mifano yake. Tarehe ya kuogopwa si ile inayokataliwa na programu. Ikikataliwa, imekusaidia: umejua kuna kasoro, unarudi kwenye daftari. Ya kuogopwa ni ile inayopokelewa. Hesabu yenyewe ni rahisi. Katika mwaka mmoja kuna siku 144 ambazo namba yake ya siku haizidi 12. Kati ya hizo, 12 zinasomeka sawa kwa njia zote mbili, kama 6 Juni yetu. Zinabaki 132. Zaidi ya theluthi moja ya mwaka inaweza kugeuzwa bila mashine kulalamika.

Kwa nini mashine hailalamiki? Kwa sababu ndani yake hakuna tarehe, kuna hesabu ya siku. Programu ya R, ambayo wengi wenu mnaitumia kwa kuwa ni ya bure na inafanya kazi hata mtandao ukiwa umekatika, huhesabu siku tangu 1 Januari 1970. Kwake tarehe 1 Januari 2019 ni 17897. Stata na SAS huanzia 1 Januari 1960, kwa hiyo siku ile ile kwao ni 21550. SPSS huhesabu sekunde tangu 14 Oktoba 1582, siku moja kabla ya kalenda ya Papa Gregori kuanza. Excel, kwenye mashine nyingi, huiita siku hiyo 43466. Siku ni moja, majina ni manne, na hakuna namba hata moja kati ya hizo inayojitambulisha imetoka wapi.

Ukiichukua ile 43466 ya Excel ukaikabidhi R kama siku zilizohesabiwa tangu 1970, R itakujibu kwa adabu kabisa: 2 Januari 2089. Kosa la namna hiyo linaonekana, ahsante Mungu, maana hakuna mgonjwa wa mwaka 2089. Dawa yake ni kuitajia R chanzo cha Excel:

as.Date(43466, origin = "1899-12-30")

Wanafunzi huniuliza mara nyingi kwa nini chanzo kiwe 30 Desemba 1899 wakati Excel yenyewe inadai kuanza 1 Januari 1900. Siku moja inaondoka kwa sababu Excel huipa 1 Januari namba 1, haianzii na sifuri. Ya pili ni mzimu. Excel inaamini kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900. Haikuwepo: mwaka 1900 haugawanyiki kwa 400, kwa hiyo haukuwa mwaka mrefu. Lakini programu ya Lotus 1-2-3, iliyotamba kabla ya Excel, ilikuwa na kosa hilo, na Excel ikalirithi makusudi ili mafaili ya zamani yafunguke bila kuhama siku. Mpaka leo namba 60 katika Excel ni siku ambayo haijawahi kupambazuka popote duniani. Kuna pia mafaili yaliyozaliwa kwenye kompyuta za Macintosh yanayohesabu kuanzia 1904. Hayo yanatofautiana na haya kwa siku 1462, yaani miaka minne na siku moja. Ukiona safu nzima ya tarehe zako imehama miaka minne na siku moja, umeshampata mwizi.

(Kwa wanaopenda mambo kama haya: toleo la kwanza kamili la R, 1.0.0, lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Siku hiyo ilikuwepo kweli, kwa kuwa 2000 unagawanyika kwa 400.)

Turudi kwenye siku zetu sita. Tuseme mmeziepusha na Excel, mkaziingiza R zikiwa maandishi, kisha mkaandika as.Date("05/06/2000") bila kuongeza neno. R haijui mnatoka Kisangani wala Chicago. Inajaribu miundo miwili inayoijua, yote ikianza na mwaka. Wa pili ni mwaka, mwezi, siku, uliotenganishwa kwa mkwaju. Basi inasoma 05 kuwa mwaka wa tano, 06 kuwa Juni, kisha inachukua 20 ya kwanza katika 2000 kuwa siku, na zile sifuri mbili zilizobaki inazitupa. Jibu: 20 Juni ya mwaka 5. Siku zenu sita zitakuwa 20 Juni ya mwaka 5, ya mwaka 6, mpaka ya mwaka 10, Yesu akiwa bado mtoto. Nimeona mchoro wa wagonjwa ambao mstari wake wa chini ulianzia karne ya kwanza, na aliyeuchora alidhani skrini imeharibika.

Muundo utajwe, kila mara, hata pale unapodhani ni dhahiri:

as.Date(x, format = "%d/%m/%Y")

Herufi hizo ni kiapo. Unasema: nimeyaona maandishi haya, najua aliyeyaandika alianza na siku. Kukiwa na kitu kisichoingia katika muundo huo, R itakirudisha NA, yaani tupu, na NA ni rafiki. Zihesabu NA zako kabla na baada ya kugeuza. Zikiongezeka, rudi kwenye maandishi uone ni yapi. Y kubwa nayo ina kazi yake. Ukiandika y ndogo, R inatarajia mwaka wa tarakimu mbili, na kanuni yake ni kwamba 69 hadi 99 ni karne iliyopita, 00 hadi 68 ni karne hii. Kwa mji wetu kanuni hiyo ni balaa. Siku askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka Stanleyville, ikiandikwa 24/11/64 katika kumbukumbu ya zamani, itakuwa 24 Novemba 2064.

Hapo nimetaja Stanleyville, niongeze jambo moja la pembeni. Mji huu uliitwa hivyo mpaka 1966. Mkoa wetu ulikuwa ndani ya Province Orientale mpaka 2015, ndipo ikazaliwa Tshopo. Katika faili la miaka mingi, tarehe ndiyo inayokuambia jina la mahali na mipaka yake ilikuwa ipi siku hiyo. Ukikosea tarehe, umekosea na ramani.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye kosa ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalowapotezea wauguzi wetu usiku mwingi zaidi. Si la programu ya takwimu. Linatokea kabla yake. Muuguzi wa kituo cha afya, tuseme kule Lubunga ng'ambo ya mto, ana rejista ya karatasi ya wagonjwa wa surua. Mwandikaji wa data anaichapa katika Excel yenye mipangilio ya Kimarekani: 09/04/2019, 11/04/2019, 12/04/2019, 13/04/2019. Wote ni wagonjwa wa Aprili. Tatu za kwanza Excel inazimeza: 4 Septemba, 4 Novemba, 4 Desemba. Ya nne haiwezi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Basi inaiacha kama maandishi. Mkiwa na macho mtaiona tofauti hata kabla ya kufungua R: tarehe zilizomezwa zimesogea kulia mwa seli, kama namba zote, ile iliyokataliwa imeegemea kushoto, kama maandishi yote. Safu ya tarehe yenye kingo mbili ni safu mgonjwa.

Ukiisoma safu hiyo ndani ya R kama maandishi, inatoka hivi: 43712, 43773, 43803, 13/04/2019. Wengi hapa hufanya jambo la kusikitisha. Wanaona namba tatu na tarehe moja iliyo wazi, wanazigeuza zile namba kwa chanzo cha 1899, zinakuwa tarehe nzuri kabisa, wanaisoma ile ya nne kwa %d/%m/%Y, wanaziunganisha, NA hakuna, wanashukuru. Wameisafisha nusu nzima na kuigandisha nusu yenye kosa. Mlipuko wa surua wa Aprili umenyunyizwa mwaka mzima, na mchoro unaonyesha visa vinavyotokea tarehe nne ya kila mwezi.

Namba hizo zinapaswa kurudishwa kwenye hali ambayo watu waliziandika, kisha zisomwe upya zikiwa zimepinduliwa:

d <- as.Date(as.numeric(x), origin = "1899-12-30")
as.Date(format(d, "%d/%m/%Y"), format = "%m/%d/%Y")

Mstari wa pili unafanya 4 Septemba iwe 9 Aprili. Lakini sikilizeni: mstari huo ni halali tu ikiwa mna hakika kwamba mashine ilikuwa ya Kimarekani na mwandikaji alianza na siku. Hakika hiyo haitoki ndani ya kompyuta. Inatoka kwa kuchukua visa kumi, kuvuka mto, na kuifungua rejista ya karatasi. Kuna dalili nyingine inayoweza kusaidia ukiwa bado umekaa mezani: namba za siku katika kundi la tarehe zilizomezwa. Kama hakuna hata moja iliyozidi 12 katika mamia ya visa, hiyo si bahati.

Mwakani mwambieni mwandikaji achape 2019-04-09. Mpangilio huo, mwaka kwanza, ni wa kiwango cha kimataifa ISO 8601 kilichotolewa mwaka 1988, na ukiupanga kama maandishi tu unajipanga pia kwa wakati. Akishindwa kuuzoea, apewe safu tatu: siku, mwezi, mwaka. Mimi napendelea safu tatu. Mkono uliozoea mpangilio wa Kifaransa kwa miaka thelathini haubadiliki kwa tangazo la ofisini.

Wiki. Wenye kazi ya ufuatiliaji wa magonjwa wanaishi kwa wiki, wala si kwa miezi, na wiki ina mitego yake. Kwa kanuni ya ISO wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza. Kwa hiyo siku za mwisho za Desemba zinaweza kuwa za wiki ya kwanza ya mwaka unaofuata. Chukueni Jumatatu ya 30 Desemba 2019. Wakati huo nchi yetu ilikuwa katikati ya mlipuko mkubwa wa surua. Mapema Januari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vifo vimepita 6,000 na visa vinavyoshukiwa ni kama 310,000 tangu mwanzo wa 2019. Siku ile, 30 Desemba, iko katika wiki ya 1 ya 2020. Mtu akiandika format(x, "%Y-%V"), anauchukua mwaka wa kalenda, 2019, na wiki ya ISO, 01. Matokeo ni 2019-01. Mtoto aliyelazwa Desemba amehamishiwa Januari iliyopita, kabla hata hajaugua. Mwaka wa wiki una herufi yake, G:

format(x, "%G-%V")

Siku zinazoathirika ni chache kila mwaka, na ndiyo sababu kosa hili huishi muda mrefu. Linaonekana kama mwinuko mdogo mwanzoni mwa mchoro na bonde mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na mkubwa wa ofisi anauliza mwaka ulianza na nini. Kinyume chake hutokea Januari: 1 Januari 2021 ni ya wiki ya 53 ya 2020. Ndiyo, ya 53. Mwaka 2015 ulikuwa na wiki 53, 2020 vilevile, na 2026 pia. Anayelinganisha miaka wiki kwa wiki akiwa na jedwali la safu 52 atamwacha mtu nje.

Kuna ubaya mwingine hapo ambao sijauona ukiandikwa vya kutosha. Mkijaribu kwenda kinyume, kutoka "2020-05" kuipata tarehe kwa kutumia %V, R inaipokea ile herufi na kuipuuza. Inabaki na mwaka pekee. Ikikosa mwezi na siku inaazima vya leo. Yaani msimbo ule ule ukiuendesha leo unatoa tarehe fulani, na kesho unatoa nyingine. Msimbo wenye jibu linalozeeka pamoja na wewe haufai kuitwa msimbo.

Saa. Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya ulimwengu, Kisangani saa mbili. Seva nyingi zinatunza saa ya ulimwengu. Mtoto akizaliwa Kabondo, hapa mjini, dakika thelathini baada ya usiku wa manane, tarehe 1 Aprili, Kinshasa bado ni 31 Machi, na kwenye seva ni 31 Machi saa 22:30. Kwa miaka mingi R, ukiiambia itoe tarehe kutoka wakati kamili bila kutaja ukanda, ilitumia saa ya ulimwengu. Kwa hiyo watoto wote waliozaliwa Kisangani kati ya usiku wa manane na saa mbili baadaye walirudishwa siku ya jana, na wa tarehe 1 walirudishwa mwezi uliopita. Wakunga wanajua jinsi watoto wanavyopenda saa hizo. Andikeni ukanda:

as.Date(wakati, tz = "Africa/Lubumbashi")

Msitafute "Africa/Kisangani", haimo katika orodha. Kwa nchi yetu kuna majina mawili tu, la Kinshasa kwa magharibi na la Lubumbashi kwa mashariki, na sisi tumo katika la pili. Kabla hata ya mashine, fomu yenyewe isiwe na neno "usiku wa Jumapili", maana mmoja anaelewa usiku wa kuamkia Jumapili na mwingine wa kuamkia Jumatatu. Saa na dakika, basi.

Hesabu za muda nitazipitia upesi. Ukitoa tarehe kwa tarehe unapata siku, hakuna neno. Ukitoa wakati kamili kwa wakati kamili, R inajichagulia kipimo: siku, saa, dakika au sekunde, kwa kufuata tofauti iliyo ndogo kuliko zote katika safu nzima. Wagonjwa mia waliofika hospitali siku kadhaa baada ya dalili watahesabiwa kwa siku. Aongezeke mmoja aliyefika baada ya dakika ishirini, safu yote inageuka dakika, na aliyechelewa siku tano anaandikwa 7200. Tumieni difftime yenye units = "days", msiiachie ichague. Miezi nayo: chanjo ya surua hutolewa mtoto akitimiza miezi tisa. Aliyezaliwa 31 Mei 2022 anatimiza lini? Tarehe 31 Februari haipo. R ya kawaida, kwa seq ya miezi tisa, inasonga mbele hadi 3 Machi 2023. Kifurushi cha lubridate kwa alama yake ya %m+% kinasimama 28 Februari. Yote mawili yana hoja. Mradi wenu uchague moja na uiandike kwenye itifaki kabla ya kuhesabu watoto waliochelewa chanjo, maana ukisubiri baada ya kuhesabu, utachagua inayopendeza.

Nafika kwenye tarehe zisizokamilika, ambazo kwetu si jambo la nadra. Vitambulisho vya wazee wetu wengi vinasema tu kwamba mtu alizaliwa mnamo 1952. Fomu ya kompyuta haikubali "mnamo". Mwandikaji anaweka 01/01/1952 ili mshale uende ukurasa unaofuata. Ukichora siku za kuzaliwa za watu wazima katika faili lolote la eneo hili, utauona mnara wa 1 Januari. Mnara mwingine husimama 15 Juni, kwa waliofundishwa kuweka katikati ya mwaka. Na ukiona mnara wa 1 Januari 1970, huo si wa watu kabisa: ni sifuri zilizogeuzwa kuwa tarehe na R. Sipingi kukadiria. Napinga kukadiria kusikoacha alama. Kuwe na safu ya maandishi ghafi isiyoguswa kamwe, safu ya tarehe iliyogeuzwa, na safu ya tatu inayosema usahihi wake: siku, mwezi, au mwaka tu. Anayehesabu umri kwa miaka atazitumia zote. Anayehesabu siku za mtoto mchanga atazichuja.

Nimalizie na kazi inayongoja kufanywa karibu na hapa. Yangambi, kilomita kama mia moja tukifuata mto kuelekea magharibi, Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC mwaka 1933, ambacho leo ni cha INERA. Kuanzia 1937, kwa takriban miaka ishirini, waangalizi walipita msituni wakiandika kila wiki mti gani umechanua, upi una matunda, upi umepukutisha majani. Makaratasi yao yalipigwa picha, na kuanzia mwisho wa 2015, katika mradi wa Jungle Rhythms ulioanzishwa na mtafiti Koen Hufkens, maelfu ya kurasa yalinakiliwa na watu wa kujitolea kupitia mtandao. Ni hazina ambayo misitu michache ya tropiki inayo.

Lakini katika majedwali yale mwaka una wiki 48. Kila mwezi umegawanywa mara nne, basi. Wiki moja ya Yangambi ni siku 7.6 kwa wastani. Kijana akiichukua safu hiyo na kuzidisha namba ya wiki kwa 7, atafika wiki ya 48 akiwa siku ya 336, yaani mwanzoni mwa Desemba, na akiunganisha miaka kwa kuendelea kuhesabu hivyo, kila mwaka atapoteza siku 29. Kwa miaka ishirini ni zaidi ya siku 580. Maua ya msimu wa mvua yatachanuka kiangazi, kisha yatarudi kwenye mvua, kisha yatatoka tena, na atakuwa na nadharia nzuri kuhusu msitu usiofuata majira.

Njia iliyo salama ni kutolazimisha wiki hizo ziwe siku moja. Mti ulioandikwa una maua katika robo ya kwanza ya Aprili 1941, tuseme, uwe na safu mbili: mwanzo 1 Aprili, mwisho 8 Aprili. Mvua kituoni ilipimwa kila siku. Basi ijumlishwe ndani ya siku hizo nane ndipo iwekwe kando ya ua. Wanaotaka kuanza na jambo dogo, waanze na mwaka mmoja na spishi moja, na mstari wao wa kwanza wa msimbo uwe ule unaoigeuza robo ya mwezi kuwa mwanzo na mwisho. Februari itawasumbua kidogo katika miaka mirefu kama 1940 na 1944.